Madoa Matano ya Lango la Kutus

Msinicheke mkiniona naweka pua kwenye kola ya mtu kabla sijamsalimia. Kazi ikishaingia mwilini haitoki hata ukistaafu. Jina langu ni Ndirangu, nimekuwa dobi mjini Nyeri tangu bendera yetu ikiwa bado na mikunjo ya dukani, na katika miaka hiyo nimeokoa majoho ya kwaya, suti za mabwana harusi wasiohesabika, na blanketi moja ambalo naapa lilikuwa limelaliwa na ng'ombe pamoja na ukoo wake wote. Nimefua katika baridi ambayo nyinyi mnaisikia redioni tu. Asubuhi moja ya Julai nilitoa suruali kwenye kamba ikiwa imeganda, nikaiweka chini, ikasimama yenyewe bila mtu ndani, na nusura ishike njia ya kwenda Karatina.

Basi nyinyi vijana mnaotumbukiza kila kitu katika mashine na kubonyeza kitufe, ketini kidogo. Mashine ni nzuri, sina ugomvi nayo, lakini mashine haina pua. Haijui ni kwa nini doa linakaa. Doa linakaa kwa sababu limeshikana na kitambaa, na kushikana kuko kwa namna nyingi, kwingine kwa kidole kimoja, kwingine kwa mikono miwili. Dobi akijua doa limeshika vipi, amebakisha kazi kidogo sana.

Aliyenifundisha ni Mzee Theuri, mwenye duka. Alikuwa mtu mfupi mwenye sharubu nzito, na hakuenda popote, hata kanisani, bila sanduku lake la bati. Ndani mlikuwa na chupa za petroli, tapentaini, spiriti, asetoni na maji, pamoja na vitambaa vyeupe vya kufyonzea. Mtu akimwagikiwa na chai katikati ya mahubiri, Mzee Theuri alikuwa hapo kabla ya amina.

"Doa haipigwi," aliniambia siku ya kwanza, aliponiona nasugua shati kama mtu anayesafisha sufuria. "Doa inaitwa. Kama ni ya mafuta, iite na mafuta. Kama ni ya maji, iite na maji. Ikisikia lugha ya kwao, itakuja yenyewe."

Na mengine aliyonifunza ni haya, yashikeni. Weka kitambaa safi chini ya doa, ili likitoka lipate pa kwenda. Anzia ukingoni ukielekea katikati, la sivyo utalitandaza kama chapati. Gonga taratibu, usisugue. Jaribu dawa yako kwanza kwenye upindo wa ndani ambako hata mama mkwe hataangalia. Na chupa ya petroli ikifunguliwa, pasi ya makaa iko nje, mbali, na mvuta sigara awe mbali zaidi. Hilo la mwisho Mzee Theuri hakuwa na mzaha nalo kabisa.

Wateja walituletea vituko. Watu wetu wa Nyeri waliamini kwamba hakuna kitu duniani kinachoshinda mafuta ya taa na petroli. Alikuja askari mmoja, mwenyeji wa Kitui, na koti lake la kazi limemwagikiwa na soda.

"Mzee, nimeiosha na petroli na bado inanata," akasema.

"Petroli ya nani?"

"Ya kazi."

"Na ulifua siku gani?"

"Jumapili."

"Basi, petroli ya kazi haifanyi kazi Jumapili," Mzee Theuri akasema, akachovya kitambaa kwenye maji ya uvuguvugu, akagonga mara chache, na sukari ikatoka ikiwa na adabu zake zote. Askari alilitazama koti kama mtu aliyeona mchawi.

Mimi pia niliona uchawi tu, mpaka nilipoanza masomo ya jioni kule Ruring'u. Nilikuwa mtu mzima mwenye ndevu, nimekaa kwenye dawati la mtoto wa darasa la pili, magoti yamegusa masikio. Darasani tulikuwa wapishi, makarani, fundi wa baiskeli na mimi. Mwalimu wa kemia alikuwa Mwalimu Wafula, mtu wa Bungoma, mrefu hivi kwamba alikuwa anafuta ubao kwa kuinama. Yeye ndiye aliyenipa majina ya mambo ambayo mikono yangu ilikuwa inayafanya kila siku.

Jioni moja alileta kioo, akadondosha matone matatu: petroli, spiriti na maji. "Bwana Dobi," akaniuliza, "nani atakauka wa kwanza?"

"Petroli, Mwalimu. Halafu spiriti. Maji yatatukalisha hapa."

"Sasa niambie. Molekuli ya maji ni kadogo kuliko zote tatu. Ya petroli ni kubwa mara kadhaa. Mbona kadogo ndiko kanakataa kuondoka?"

Mpishi mmoja akajaribu: "Labda ni kakaidi."

"Hakana ukaidi. Kameshikwa na wenzake."

Hapo ndipo nilipoinua kichwa. Mwalimu Wafula akaeleza kwamba molekuli, hizo chembe ndogo za kila kitu, zinavutana zenyewe kwa zenyewe, na mvuto huo una madaraja.

Wa chini kabisa unaitwa nguvu za mtawanyiko, nao uko kwa kila molekuli bila ubaguzi. Elektroni zinazunguka ndani ya molekuli, na kwa kufumba na kufumbua zinajikuta zimejaa upande mmoja, kama soko la Karatina mwizi akipigiwa kelele: watu wote wanaelemea huko. Upande huo unakuwa na chaji hasi kidogo, ule mwingine chanya kidogo, na molekuli ya jirani nayo inavutika. Halafu soko linatulia, na kelele inapigwa upande mwingine. Ni mvuto hafifu, lakini msiudharau, maana unajumlishwa. Gesi ya kupikia, petroli, mafuta ya taa na nta ya mshumaa ni ndugu wa familia moja, wanashikana kwa mvuto huo huo, tofauti yao ni urefu tu. Mfupi anamgusa jirani mahali pamoja na kwenda zake, ndiye gesi. Mrefu amelaliana na jirani toka kichwa hadi kidole cha mguu, ndiye mshumaa.

Juu yake wako wa ncha mbili, kama asetoni. Molekuli hizo zimezaliwa na upande mmoja hasi na mwingine chanya, hazingoji kelele za soko. Ncha hasi ya huyu inaitafuta ncha chanya ya yule.

Juu zaidi ni bondi ya haidrojeni, ndiyo ya maji. Haidrojeni ikishikamana na oksijeni, oksijeni inaivuta elektroni yake mpaka haidrojeni inabaki kama mtu aliyenyang'anywa blanketi katika baridi ya Nyeri. Itafanya nini? Itajibanza kwa oksijeni ya jirani. Kila tone la maji ni umati wa watu waliojibanza hivyo, ndiyo maana yanachelewa kukauka. Sukari nayo ina mikono ya namna hiyo hiyo, kwa hivyo inapoona maji inakumbatiwa. Petroli haina hiyo mikono. Askari angeimwagia soda yake pipa zima na sukari isingegeuka hata kutazama.

Na chumvi, ile ya jasho inayochora mstari mweupe kwenye kofia, hiyo ni ya ayoni, chaji kamili kamili. Maji yanaizunguka kila ayoni kwa ncha zao na kuibeba juu juu. Katika mivuto hii yote inayofanya kazi kati ya chembe na chembe, huo ndio mkubwa.

Nilitoka darasani siku hiyo nikitembea hewani. Nilifika mjini kutoka Ruring'u bila miguu kugusa lami. Na tangu hapo, nisiwafiche, mdomo wangu ulipata mabawa. Nilimwambia kila mteja kwamba hakuna doa litakalonishinda, maana sasa nalijua kwa jina la baba yake. Niliyasema hayo Nyeri, nikayasema Karatina, nikayasema hadi Wang'uru nilikokwenda kuchukua magunia ya sare za hoteli. Yakafika Kutus. Na Kutus ndiko alikokuwa Wangechi.

Wangechi alikuwa mwalimu wa shule ya chekechea. Alileta dukani gauni lililomwagikiwa wino, nikalitoa, akaleta jingine, nikalitoa, na la tatu nilianza kushuku kwamba anajimwagia mwenyewe. Tukapendana. Wazazi wake walinikubali, mambo ya mahari yakaenda vizuri. Aliyekataa ni mmoja: shangazi yake, Tata Wanjira, muuza vitambaa pale soko la Kutus.

"Mwanamume mzima anafua nguo ya watu," alisema mbele ya wazazi wa Wangechi, nami nimekaa hapo hapo na kikombe mkononi. "Na hiyo si mbaya sana. Mbaya ni vile anaongea. Ati hakuna kitu inaweza kumshinda. Mtu kama huyo ukiishi na yeye utakuwa unakosea wewe peke yako maisha yako yote."

Nilicheka, nikaongeza sukari kwenye chai.

Sasa mnajua desturi yetu. Siku ya harusi, watu wa bwana harusi wakienda kumchukua bibi harusi nyumbani, wanakuta lango limefungwa. Wanawake wa kwao wamelisimamia, wanaimba, nanyi mnaimba kuomba kufunguliwa. Wanawauliza mmekuja kutafuta nini, wanawatania, mnatoa kitu kidogo, mnaimba tena, na mwisho lango linafunguka kwa vigelegele.

Tulifika Kutus asubuhi na mapema. Suti yangu ilikuwa na kola pana kama masikio ya ndovu, na suruali chini ni pana hivi kwamba upepo ulikuwa unanirudisha Nyeri. Msimamizi wangu alikuwa Mzee Theuri, na sanduku lake la bati mkononi kama kawaida. Mwalimu Wafula alikuja kuimba, ingawa kwa Kikuyu alikuwa anajua neno moja tu na alilirudia kwa moyo wote. Lango lilikuwa limezibwa kwa matawi ya saipresi yaliyokatwa asubuhi hiyo. Katikati yake, mikono kiunoni, amesimama Tata Wanjira.

"Wewe umekuja kuoa ama kuchukua nguo?" akauliza, na wanawake wote wakaangua kicheko.

"Nimekuja kuoa, Tata."

"Sawa. Basi leo hatutaki pesa yako." Akanyoosha mkono nyuma, akapewa kitambaa cheupe cha meza, kimedariziwa maua ya zambarau pembe zote nne. Nilikijua. Wangechi alikuwa amekishona mwaka mzima kwa ajili ya nyumba yetu. "Hii ndiyo kitambaa ya msichana wetu. Angalia vizuri."

Kwenye kitambaa hicho kulikuwa na madoa manne, yamewekwa kwa mpango kama sahani za wageni.

"Ikitoka safi, lango inafunguka," akasema. "Isipotoka, hiyo barabara mlikuja nayo bado iko."

Nilidhani ni mzaha. Nikasikia sauti ya Wangechi kutoka ndani ya nyumba: "Tata, kitambaa yangu!" Hakuwa anajua. Hapo nikafahamu kwamba si mzaha.

Mwalimu Wafula akatazama saa yake. "Ndirangu, padri ana harusi nyingine baada yetu. Wale wakifika kanisani kabla yetu, wataingia wao, na sisi tutarudi Jumamosi nyingine."

"Hata Jumamosi nyingine niko," Tata akasema.

Nikavua koti. Mzee Theuri akafungua sanduku lake juu ya boneti ya gari, wanawake wakasogea kutazama kupitia matawi, na kazi ikaanza.

Doa la kwanza lilikuwa mafuta ya kupikia. Nilitia petroli tone kwa tone, kitambaa cha kufyonza chini, nikigonga kutoka ukingoni. Mafuta ni mnyororo mrefu, na petroli ni mnyororo mfupi wa lugha ile ile. Walitambuana, wakaondoka pamoja. Vigelegele vichache vikasikika, Tata akageuka kuona ni nani.

La pili lilikuwa jekundu, rangi ya kucha. Asetoni. Ncha kwa ncha, likayeyuka kama lilikuwa na haraka ya kwenda kanisani.

La tatu na la nne ndipo mama yule alipoonyesha akili yake. Yalikuwa matone mawili ya utomvu, ya rangi ya asali, yamekauka, yanafanana kama pacha. Dobi mwingine angeyamwagia dawa moja. Nami nilikuwa nimeshainua tapentaini, nikahisi kiwiko cha Mzee Theuri mbavuni.

"Pua yako umeacha Nyeri?" akanong'ona.

Nikainama, nikanusa. Moja lilikuwa na harufu ya ua wa saipresi, ile ile ya matawi langoni. Jingine halikuwa na harufu yoyote. Nikalowesha kidole, nikaligusa: likateleza. Hiyo ilikuwa gundi ya muthanduku, ule mti ambao magome yake yalikuwa yakiuzwa kiwandani kwa kutengeneza ngozi. Gundi yake ni ndugu wa sukari, imejaa mikono ya haidrojeni. Tapentaini ingeipaka mafuta tu na kuiacha imekaa. Nikaipa maji ya uvuguvugu, ikalainika, ikaachia. Ya saipresi nikaipa tapentaini, nayo ikafuata. Baadaye nikapitisha sabuni kitambaa kizima, nikakisuuza, nikakikamua.

"Zimetoka," nikasema, nikakiinua juu kwa mikono miwili. Upande wetu walipiga makelele ambayo nadhani yalisikika hadi kilele cha Mlima Kenya na kuangusha theluji kidogo.

"Dobi haleti nguo mbichi," Tata akasema. "Piga pasi."

Hilo nililitaka mwenyewe. Chupa zilikuwa zimefungwa na kurudishwa sandukuni, kitambaa kimesuuzwa hadi harufu imekwisha. Walikuwa na pasi ya makaa tayari, imewashwa huko nyuma karibu na jiko la pilau. Wakatandaza blanketi juu ya meza upande wetu wa lango. Nikanyunyiza maji, nikaanza pembeni, mvuke ukapanda, maua ya zambarau yakanyooka. Nilikuwa naringa. Nilikuwa hata naimba. Nikafika katikati.

Katikati pa kitambaa, pale palipokuwa peupe kabisa, palianza kuwa na rangi ya chai ya maziwa. Nikapitisha pasi tena. Pakawa chai ya rangi. Nikaondoa pasi, na hapo likatokea doa la kahawia, ukubwa wa kiganja, lina mipaka yake na heshima zake, kama mtu aliyekuwa amelala na sasa ameamka.

Utomvu wa mgomba. Kila mtu wa huku aliyewahi kukata ndizi anaujua. Ukiwa mbichi hauonekani, ni kama maji. Ukipata hewa, ukapata sabuni, ukapata moto wa pasi, unakomaa mbele ya macho yako. Na ni mimi niliyeupa vyote vitatu kwa mikono yangu.

Nikamtazama Mzee Theuri. Alikuwa anafunga sanduku lake, polepole, kifungo baada ya kifungo.

"Ndirangu, saa," akasema Mwalimu Wafula.

Mle kichwani nilikuwa na maneno mengi. Ningeweza kusema pasi ilikuwa na kutu. Ningeweza kusema nakipeleka dukani, nitakileta wiki ijayo. Wimbo ulikuwa umekatika, na nyuma ya matawi nilimwona Wangechi amesimama mlangoni na gauni lake jeupe, ananitazama.

"Tata," nikasema, "hii siwezi."

"Umesema nini? Watu wa nyuma hawajasikia."

"Nimesema hii siwezi. Zile zingine zilikuwa zimeshikilia kitambaa tu, unaweza kuzibembeleza ziachie. Hii imejibadilisha, imejifunga na nyuzi zenyewe. Saa hii ni kitambaa. Ukitaka kuitoa, utatoa na kitambaa."

"Kwa hivyo iko doa imekushinda."

"Imenishinda."

"Wewe na masomo yako ya jioni."

"Mimi, na masomo, na Mwalimu mwenyewe huyu hapa."

"Mimi nisiingizwe," akasema Mwalimu Wafula.

Tata Wanjira alinipima kwa macho kama kipande cha kitambaa dukani mwake. Halafu akashika tawi la kwanza la saipresi, akaling'oa, akalitupa pembeni.

"Fungueni," akawaambia wanawake. "Nilikuwa natafuta hiyo neno moja tu. Nimengoja tangu asubuhi. Nilidhani kitambaa itaisha kabla haijatoka."

Tulifika kanisani ile harusi nyingine ikiwa inashuka garini. Mwalimu Wafula alikimbia mbele na miguu yake ile mirefu, akasimama mlangoni kama nguzo mpaka tulipoingia. Nilioa na harufu ya tapentaini mikononi, na Wangechi husema ndiyo manukato aliyoyazoea.

Tata alikuwa mteja wetu tangu wiki iliyofuata, na hakuwahi kulipa hata senti.

Kitambaa chenyewe kiko hapa mezani ninapoandikia. Doa halijafifia hata chembe. Wangechi huliwekea sahani ya matunda juu, na mnapokuja kututembelea hamlioni. Ila nikianza kuongea mambo yangu mbele ya watu na yakizidi kimo, anainua tu ile sahani, anaisogeza pembeni, anaendelea na chai yake.

Amepita hapa sasa hivi, akasoma mwanzo wa karatasi hii juu ya bega langu, na sahani imesogea.

Sawa. Ile suruali ya Julai haikushika njia ya Karatina. Ilikuwa imeegemea ukuta.